Usitume CD hizo, Shabani

Columbus, Ohio
Novemba 2024

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, watoto wazima, ila masikio ndiyo yanayoteseka. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kucheka. Eti umefungua lile sanduku la kibanda cha gemu cha marehemu baba mdogo, ukakuta CD kama sitini, mtu akakuambia Marekani gemu za zamani zinauzwa kwa mamilioni, na sasa unatafuta wa kumpa mzigo aniletee.

Usitume.

Tusemezane ukweli. Karibu zote zile zilikuwa CD za kuchoma. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukiandika "WE 9", yaani Winning Eleven 9, ile gemu ya soka, juu yake kwa makapeni. Hakuna wa huku atakayetoa hata senti kwa mwandiko wako, ingawa mimi ningeutambua popote. Na hizo FIFA mbili tatu za asili ni za mfumo wa Ulaya; Playstation 2 ya Marekani haizisomi.

Isitoshe, gemu za michezo zina mkosi wao. Kila mwaka inatoka mpya, na ile ya mwaka jana inageuka gazeti la jana. Kwenye maduka ya mitumba huku Madden za zamani, yaani gemu ya mpira wa Kimarekani, zimepangana kama matofali, na hakuna anayezigusa.

Lakini ipo moja iliyokataa kuzeeka, nami nilikuwa nayo mkononi. Inaitwa NCAA Football 14, ilitoka Julai 2013. Ni mpira wao huo huo, ila wa timu za vyuo vikuu. Usidhani ni jambo dogo: hapa Columbus uwanja wa chuo unaingiza watu zaidi ya 100,000, na siku ya mechi hata msikitini utaona kofia nyekundu za timu.

Shida ilikuwa wachezaji. Wale ni wanafunzi, walikuwa hawaruhusiwi kulipwa, lakini ndani ya gemu wamo: namba ya jezi ni yake, kimo ni chake, jina tu halipo. Alikuwapo mchezaji wa zamani wa kikapu wa chuo cha UCLA, Ed O'Bannon, aliyejiona kwenye gemu ya kikapu akicheza kwa mkono wake wa kushoto, na hajapewa hata soda. Mwaka 2009 akaenda mahakamani. Kesi zikaendelea, na Septemba 2013 kampuni ya EA, watengenezaji wa gemu hizo, ikatangaza kwamba mwaka unaofuata hakutakuwa na gemu ya vyuo. Ile ya 14 ikawa ya mwisho.

Mimi hayo sikuyajali. Mwaka 2015 nilipohama nyumba nilibeba mashine yangu ya gemu, Xbox 360, na gemu zote nikazipeleka duka moja, na kwa hiyo moja wakanihesabia dola 4. Nikashukuru kabisa! Miaka michache baadaye nikaikuta kwenye kabati la kioo lenye kufuli, bei imepita dola 100. Mpya kabisa, siku ilipotoka, iliuzwa dola 60.

Nikawa najiuliza, mbona nakala zake ni nyingi? Kumbe bei haikutoka kwenye uchache. Ilitoka kwa watu ambao walikuwa bado wanaicheza na hawakubali kuiachia. Kila msimu wanakaa kubadilisha majina na namba za wachezaji wenyewe, mmoja baada ya mwingine, timu zaidi ya mia. Xbox mpya haiifungui, kwa hiyo na mashine ya zamani nayo wakaitunza kama Land Rover ya babu.

Hizo za mamilioni alizokusimulia rafiki yako ni habari nyingine. Kwa upande wa michezo, maarufu ni Stadium Events ya Bandai ya mwaka 1987, ya mashine ya Nintendo, ambayo unakimbia juu ya mkeka uliounganishwa nayo. Nintendo walinunua haki za mkeka, gemu ikaondolewa madukani, kisha ikarudi kwa jina la World Class Track Meet. Mbio ni zile zile! Lakini mwaka 2010 nakala yenye jina la kwanza, haijafunguliwa plastiki yake, iliuzwa dola 41,300. Aliyeinunua hataikimbilia hata hatua moja, maana akiichana tu fedha zimeyeyuka. Mimi hapo sioni utamu.

Ya vyuo nayo imepata mrithi Julai 2024, College Football 25, na safari hii kila mchezaji aliyekubali kuwemo ameahidiwa dola 600 na nakala ya gemu. Bei ya ile ya zamani ikashuka. Bado ina wenyewe, kwa sababu mpya inataka PlayStation 5 au Xbox ya kisasa, na si kila nyumba inayo.

Kwa hiyo CD wape vijana wa hapo mtaani kama kuna mashine inayozisoma. Na huyo mtu wako wa kubeba mzigo usimwache aje mikono mitupu: mpe ubuyu, ule wenye pilipili.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Mudi