Salamu za Shukrani: Mazishi ya Baba Yetu, Babu Simba

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Familia ya marehemu baba yetu, mcheza simba wa Kichina, yule simba wa kuvaliwa na watu, aliyejulikana Temeke kwa jina la Babu Simba, tunamshukuru Allah (S.W.) kwa kila hali, kisha tunawashukuru nyote mliosimama nasi tangu alipoanguka kwa kiharusi hadi tulipomlaza makaburi ya Kisutu.

Siku zile 19 za wodini hazisimuliki. Ulimi ulifungwa siku ya kwanza na haukufunguka tena. Vilibaki vidole vya mkono wa kulia, vikivutavuta hewani usiku kucha. Sisi wanawe tulidhani ni maumivu. Akaja mzee mwenzake, akakaa kitandani, akatazama kwa muda, akasema: "Mwacheni, anachezesha macho." Tukalia sote. Macho ya simba wao yalifunguliwa kwa kamba, na mshika kamba alikuwa baba.

Baba alifundishwa simba wa Kichina miaka ya 1970 na mmoja wa vijana wa Kitanzania waliopelekwa China mwaka 1965 kusomea sarakasi, wakarudi 1969. Simba huyo huvaliwa na watu wawili. Wa mbele hubeba kichwa, huchezesha macho na mdomo. Wa nyuma huinama, humshika mwenzake kiunoni, haoni ila visigino vyake. Kwa zaidi ya miaka 20, viwanja vya Sabasaba, mashuleni, na kwenye baa siku za Jumapili kati ya ngoma na vichekesho, watu walimshangilia simba bila kumjua aliyemo ndani. Baba hakulalamika hata siku moja. Sisi tunaona ni haki yake jambo hili litajwe leo.

Siku ya 11 fedha zilituishia. Tuliomba mchango asubuhi. Hadi Isha zilikuwa zimefika Sh. 1,860,000. Mmoja alituma Sh. 2,000 na ujumbe: akiwa mtoto alilia kwa kumwogopa simba Sabasaba, na simba akavua kichwa ili mtoto aone ni mtu tu. Ujumbe ule tulimsomea baba sikioni.

Baba mdogo, wewe uliyekuwa miguu ya nyuma, umetukataza kukutaja jina na tumetii. Kwa mgongo ule ule ulioinama miaka yote, ulilala kwenye benchi la wodi usiku 8, na makaburini ukakataa kiti hadi udongo wa mwisho. Hatuna cha kukulipa, Allah akulipe. Vivyo hivyo muuguzi wa zamu ya usiku, aliyemgeuza baba bila kuchoka asipate vidonda.

Shukrani pia kwa madaktari, imamu na waumini wa msikiti wetu, mjumbe na serikali ya mtaa, majirani, kina mama wa kikoba waliopika siku tatu, vijana wa bodaboda, waliochimba kaburi, wanasanaa wa zamani waliotoka Bagamoyo na Morogoro, na wakwe zetu wa Tanga.

Tunaomba radhi, tena sana. Daftari la rambirambi lililowa mvua siku ya pili na majina mengi yamefutika. Usipojiona hapa, tusamehe, haikuwa dharau.

Hitma itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya Alasiri. Na yule aliyelipia oksijeni siku ya 14 akaondoka bila kuacha jina, tunamwomba aje, mama anataka kumshika mkono.