Salum, usiagize masega bado

Salum ndugu yangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi, na ile picha ya kifaa cha kusomea misimbo ya hitilafu za gari lako nimeikuza mpaka nikaona kila tarakimu: P0420 imethibitishwa, na chini yake P0171 bado inasubiri kuthibitishwa. Unasema fundi ameshaamua kwamba masega, yaani kile kisafisha moshi chenye vitundu kilicho ndani ya ekzosi (catalytic converter), yamekufa na anataka uagize mengine kesho. Ndiyo maana nakuandikia kwa haraka. Naomba usiagize kitu chochote kabla hujaimaliza barua hii.

Msimbo huo haujasema kwamba masega yamekufa. P0420 inasema usafishaji wa moshi katika upande wa kwanza wa injini umeshuka chini ya kiwango ambacho kompyuta iliwekewa kiwandani. Na kompyuta haioni ndani ya masega. Ina sensa mbili tu za oksijeni, moja kabla ya masega na nyingine baada yake, nayo hulinganisha zinachosema. Masega mazima yamepakwa oksidi ya seriamu, ambayo huhifadhi oksijeni inapokuwa nyingi kwenye moshi na kuiachia inapopungua. Kwa hiyo sensa ya mbele huruka kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi, lakini ya nyuma hutulia, mara nyingi kwenye 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kuruka kwa kuifuata ya mbele, kompyuta huona kwamba hakuna tena oksijeni inayohifadhiwa, na taa ya injini kwenye dashibodi inawaka. Ila angalia kwanza sensa yako ya mbele ni ya aina gani. Kama ni ile inayopima masafa mapana, haitaruka hivyo. Hiyo isome kwa lambda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, na izunguke karibu na 1.00, ambapo hewa na mafuta vinatoshana.

Sasa, gari lako si lile lililotoka kiwandani. Umebadili manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini, umefunga masega mepesi, umeweka bomba pana la kuvutia hewa, na programu ya kompyuta nayo imeguswa. Masega ya kiwandani kwa kawaida huwa na vitundu 400 au zaidi kwa kila inchi ya mraba. Hayo uliyofunga, kwa maelezo yako, yana 200. Moshi unapita kwa urahisi, ni kweli, lakini eneo lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu limepungua, na oksijeni inayohifadhiwa imepungua pia. Yanaweza kuwa mapya kabisa na yakashindwa mtihani uliotungwa kwa ajili ya masega mengine. Tena manifoldi yako ndefu imeyasogeza mbali na injini, nayo yanahitaji joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi ndipo yaanze kufanya kazi sawasawa.

Pamoja na hayo yote, mimi ningeanza na ile P0171. Hiyo inasema kompyuta inaona hewa nyingi kuliko inayotakiwa kwa mafuta yaliyopo. Ekzosi imefunguliwa na kufungwa upya, kisha misimbo hii miwili inakuja pamoja? Nashuku kuna mahali panavuja.

Hili nalisema kwa uchungu, maana limenipata. Mwaka juzi taa kama hiyo iliwaka kwenye gari langu, nikabadili masega siku hiyohiyo, nikafuta msimbo, nikafurahi. Siku ya tisa taa ikarudi. Asubuhi moja injini ikiwa baridi niliinama karibu na manifoldi, nikasikia mlio mdogo, tik-tik-tik, ambao ulipotea chuma kilipopata moto na kutanuka. Gasketi ilikuwa imepasuka kidogo sana, mahali ambapo hata ukucha haupiti. Masega ya zamani nilikuwa nimeshayatoa, na hayakuwa na kosa lolote.

Huenda utajiuliza moshi unaotoka kwa nguvu utawezaje kuvuta hewa ndani. Moshi hautoki kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo hushuka hata chini ya lile la nje. Hapo ndipo hewa huingia. Sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye mwako, kompyuta inadhani mafuta hayatoshi, inaongeza, na masega yanapokea mafuta yasiyoungua siku baada ya siku.

Fanya hivi kabla hujawasha gari asubuhi. Injini ikiwa baridi na imezimwa, ingiza hewa kwenye bomba la nyuma la ekzosi kwa kipulizio chenye nguvu ndogo, kisha pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo kuanzia kwenye injini: gasketi ya manifoldi, flanji (zile sahani zinazounganisha mabomba kwa bolti), na hasa weldi inayoshika sensa ya mbele. Povu likipanda, umepapata. Tafuta pia masizi meusi kando ya viungo.

Kisha soma kwenye kifaa chako marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ujumlishe. Ndani ya asilimia 10 kwenda juu au chini sina wasiwasi nayo. Ikiwa ni +20 injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, halafu inashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inavuja upande wa kuingilia, baada ya kipima hewa, ile sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, litazame lile bomba pana ulilofunga. Kipima hewa kilipangiwa kipenyo fulani. Ukiongeza kipenyo hicho bila kurekebisha programu, kipima hewa kinaripoti hewa pungufu. Na kama chujio lako ni la kupaka mafuta, angalia kama waya wa kipima hewa umeshika uchafu.

Tafadhali usifute misimbo kabla ya kunakili takwimu ambazo kompyuta ilizihifadhi msimbo ulipoingia: joto la injini, mwendo, mzigo. Ukifuta, zinapotea, na vipimo vya ndani vya kompyuta vinaanza upya, pengine kwa siku kadhaa za kuendesha. Na taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, punguza mwendo na usimame. Injini inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma mafuta sawasawa, na mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia ndani ya masega mpaka masega yayeyuke. Hapo shughulikia plagi na koili kwanza.

Ukishaziba uvujaji na marekebisho yakatulia, endesha dakika 20, shikilia mizunguko 2,500, utazame mchoro wa sensa ya nyuma. Ikiendelea kuruka, hapo nakubali masega hayatoshi. Kile kipimajoto cha kulinganisha joto la mbele na la nyuma ya masega sikiamini. Injini inayochoma vizuri huonyesha tofauti ndogo hata masega yakiwa mazima.

Kuhusu kile kipande ambacho fundi anataka kukifunga ili sensa ya nyuma isogee nje ya mkondo wa moshi, nakuomba ukatae. Najua ni rahisi na taa itazimika. Lakini siku injini itakapoanza kula oili, na fosforasi ikafunika masega, hutapata onyo lolote. Katika nchi nyingi ni kosa kisheria pia. Kuzima msimbo ndani ya programu ni jambo lilelile. Kama itabidi ununue, tafuta masega yenye vitundu 400 na uyafunge karibu zaidi na injini.

Nitumie marekebisho ya mafuta ukiwa hujakanyaga na ukiwa kwenye 2,500, pamoja na picha ya weldi ya sensa. Jumamosi niko nyumbani kutwa. Nipigie ukianza kupulizia sabuni, uiweke simu karibu na manifoldi, nisikilize nawe.

Wako,
Idi