Barua kwa vijana wa gereji Arua: acheni kuunga klachi ya AC daireti

Wanangu mnaofungua maboneti chini ya miembe hapa Arua,

Nawasalimu. Wengi wenu mmepita mikononi mwangu mkiwa bado mnashika tochi tu, na wengine mmejifunza kwa wale niliowafundisha. Kwa hiyo mniruhusu niseme kama mzee anavyosema na watoto wake.

Wiki hizi za jua kali magari yanakuja kwenu kwa sababu moja: AC haitoi ubaridi. Na katika magari matano niliyoyafungua mwezi huu baada ya kupita gereji nyingine, matatu yalikuwa na ule waya. Mnaujua. Waya mwekundu kutoka betri, unapita kwenye swichi ndogo iliyobandikwa chini ya dashibodi, unakwenda moja kwa moja, ndiyo daireti yenyewe, kwenye klachi ya kompresa, yaani sumaku inayoiunganisha pampu ya gesi ya AC na mkanda wa injini. Dereva anabonyeza, klachi inashika, ubaridi unakuja, analipa, anaondoka akiwa na furaha. Huo waya ndio ulionifanya nikae usiku huu niandike.

Nami niliwahi kuufunga. Mwaka 2009 mteja aliniletea Noah, anasafiri na familia kwenda Kampala asubuhi yake. Klachi haishiki. Sikupima kitu. Niliruka swichi ya presha, ile inayokata klachi gesi ikipungua au ikizidi, kwa kipande cha waya, klachi ikagonga, nikamfungia daireti. Hawakufika hata Karuma. Gesi ilikuwa imevuja karibu yote, na mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiisha, mafuta hayarudi. Kompresa ikakauka, ikakwama, na klachi ikaendelea kushika kwa sababu hakukuwa na chochote cha kuiambia iachie. Mkanda ukaungua. Mkanda ule ule ndio uliokuwa unazungusha alteneta na pampu ya maji. Mke na watoto wawili walilala barabarani ndani ya gari lililozimika. Nilinunua kompresa kwa pesa yangu, lakini ule usiku wao sikuweza kuulipa.

Sikilizeni basi swichi ya presha inafanya nini, maana wengi mnaiona kama adui. Kwenye Toyota nyingi za zamani inakata klachi presha ya gesi ikishuka hadi karibu psi 28 (psi ni kipimo cha presha), na inakata tena ikipanda hadi psi 450 hivi. Ikikata, inakuambia kitu: aidha gesi imekwisha, au feni ya kondensa, kile kipoza gesi cha mbele ya gari, haizunguki na presha imepanda kupita kiasi. Toyota nyingi zina pia sensa inayohesabu mzunguko wa kompresa. Kompresa ikianza kukwama, kompyuta inakata klachi na taa ya AC inawakawaka ili mkanda uokoke. Waya wa daireti unanyamazisha walinzi wote hao kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo anzeni na gesi, hata kama mnashuku umeme. Funga geji ya presha injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kwa R134a, gesi ya AC ya magari mengi, joto la nje likiwa nyuzi 30, unatarajia kuona karibu psi 100. Ukiona 20, acha waya, tafuta tundu. Lakini hiyo 100 isikudanganye: inakuambia kuna gesi iliyogeuka kimiminika ndani, haikuambii ni kiasi gani. Kiasi kinajulikana kwa kutoa yote na kupima kwa mizani kufuata kibandiko kilicho chini ya boneti.

Gesi ikiwepo, ndipo umeme. Washa injini, washa blowa, ile feni inayopuliza hewa ndani ya gari (AC nyingi hazikubali kuwaka blowa ikiwa imezimwa, na nimeona kijana akihangaika saa nzima kwa hilo), bonyeza AC, usikilize. Klachi ikigonga utasikia. Isipogonga, pima fyuzi pande zote mbili kwa mita ikiwa imekaa mahali pake, msiitazame kwa macho tu. Relei, ibadilishe na ya honi kama namba zinafanana. Hayo ni ya dakika tano, siyarefushi.

Ninapotaka mkae nami ni kwenye plagi ya klachi yenyewe. Majuzi ilikuja Premio inayotoa ubaridi asubuhi na kukataa kila mchana. Fundi wa kwanza alichomoa plagi, akapima waya, akaona volti 12 na zaidi, akasema umeme uko sawa, kompresa imekufa. Mwenye gari alikuwa ameshaanza kukopa pesa ya kompresa. Mimi niliirudisha plagi, nikaingiza sindano ya mita kwa nyuma ya plagi ikiwa imefungwa na AC imewashwa. Upande wa waya unaotoka relei: 13.6. Upande wa koili, yaani waya uliozungushwa unaotengeneza sumaku ya klachi, sentimita mbili tu mbele: 9. Volti 4.6 zilikuwa zinapotelea ndani ya plagi. Nilipoifungua, pini moja ilikuwa ya kijani kwa kutu na plastiki imekuwa kahawia kwa moto. Plagi ile imekaa chini, tope la barabarani linairukia kila mvua. Nilibadilisha pini mbili na kipande cha waya. Kompresa ile ile inafanya kazi hadi leo.

Mmeona kilichomdanganya mwenzetu? Waya uliochomolewa haubebi mzigo. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki utaonyesha volti 12 kwenye mita. Ukiufunga, klachi inataka ampia tatu au nne, na hapo ndipo ubovu unajitokeza. Pimeni kazi ikiwa inafanyika. Upande wa athi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, vilevile: sindano moja kwenye bodi ya kompresa, nyingine kwenye hasi ya betri, AC imewashwa. Ikizidi volti 0.2, tafuta bolti iliyolegea au rangi iliyozuia.

Kama volti zinafika kamili na klachi haishiki, ndipo uipime koili: nyingi zinasoma kati ya omu 3 na 5. Ikisoma vizuri, tazama nafasi kati ya sahani ya klachi na puli, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda. Sahani iliyolika inaacha nafasi kubwa, na sumaku ya koili hupungua nguvu ikipata joto, kwa hiyo klachi inashika asubuhi na kukataa mchana. Mara nyingi ni kuondoa shimu moja, pete nyembamba ya chuma inayoweka nafasi hiyo.

Blowa ikifanya kazi kwenye namba ya mwisho pekee, mara nyingi kilichoungua ni rizista, kile kinachopunguza kasi yake. Lakini ikiungua mara ya pili, kapimeni mota ya blowa, huenda imeshikwa na vumbi na inavuta umeme mwingi.

Jambo la mwisho linanitisha zaidi. Magari yanayoingia sasa mengi hayana klachi kabisa. Puli inazunguka muda wote, na ndani kuna valvu inayopokea mapigo ya umeme kutoka kompyuta; ukiipa volti 12 za daireti unaweza kuichoma. Swichi ya presha yenye nyaya tatu mara nyingi ni sensa ya volti 5, usiiruke. Na Prius, gari la injini na umeme, nyingi kompresa yake ni ya umeme, imeungwa na betri ya volti zaidi ya 200 kwa nyaya za rangi ya chungwa. Hizo, mwanangu, usiziguse kama hujafundishwa na huna glavu zake. Mkatalie mteja, hata akiongeza pesa.

Ninazo mita mbili, na nimepanga mezani kompresa tatu zilizokwama kwa kukosa mafuta, moja ikiwa ile ya Noah. Njooni Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda tuzifungue pamoja. Mwenye gari lenye ule waya mwekundu aje nalo, tutautoa bure.

Mzee wenu,
fundi umeme wa magari, Arua