Riziki ya leo, na anayeingoja jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni saidia fundi. Nachanganya zege, nabeba maji, napandisha matofali, na malipo yangu ni ya kutwa. Nikiamka sijui kama nyapara ataniita au atawaita wengine. Watu wa kazi hii tunaposema katika Sala ya Bwana "utupe leo riziki yetu", tunasema huku hatujui jua litakapozama tutakuwa na nini mkononi.

Nimeandika kwa sababu nilimsikia mhubiri mmoja akifundisha kwamba anayeomba riziki ya siku moja ana imani haba. Aombe ya mwaka, akasema, aombe maghala. Watu waliitikia kwa nguvu. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 16, kwa maana jambo hili Mungu alilifundisha zamani sana, tena kwa watu wenye njaa.

Mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani, iliposhuka, kila mtu aliokota pishi moja kwa kila kichwa cha hema yake. Aliyeokota kingi hakubakiwa na kitu, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Musa akawaambia wasibakize hadi asubuhi. Wapo waliobakiza, kikaingia mabuu, kikanuka. Lakini siku ya sita waliokota maradufu wakaweka kwa ajili ya Sabato, na asubuhi yake hakikunuka wala hakikuwa na funza. Chakula ni kilekile, na watu ni walewale. Kiliharibika pale walipokiweka kwa hofu ya kwamba kesho Mungu hatakuwapo, kikadumu pale walipokiweka kwa neno lake. Kwa hiyo mtu asinisome vibaya, sipingi akiba. Yusufu aliweka nafaka ya Misri miaka 7 ya shibe, na ilikuwa ni hekima ya Mungu.

Jambo hilo liliendelea miaka 40. Huwa nawafikiria watoto waliozaliwa kule jangwani, wakakua, wakaoa na kuolewa bila kuona ghala hata moja, na kila asubuhi wakatoka na vyombo vyao. Nani atasema hao walikuwa na imani haba?

Sitaki kudanganya kwamba kesho hainitishi. Inanitisha, hasa usiku, watoto wakiwa wamelala na mke wangu naye yu macho ila amenyamaza. Hapo najisemea lile neno la Mathayo 6:34, "Yatosha kwa siku maovu yake." Yesu hakusema siku haina maovu. Aliyapimia siku yake. Kwenye jengo, mtu hupanda ngazi na matofali anayoweza kuyashika. Anayebeba ya safari mbili kwa mara moja huanguka nayo yote. Nami najitahidi kutobeba ya Jumatano siku ya Jumanne.

Shukrani nimeizoea kuitoa jioni, kabla sijaigawa ile fedha, na naitaja kwa majina. Ahsante kwa fundi aliyesema "mchukueni na huyu". Ahsante kwa mgongo ambao haukuuma. Ahsante kwa mvua iliyosubiri mpaka zege likashika. Siku ambazo siitwi naomba muda mrefu zaidi, na kusema kweli maneno huwa mazito. Hata hivyo siku hizo nazo zimepita, na tupo. Jirani amewahi kugonga mlango na sahani iliyofunikwa, hakuna aliyemwambia. Hiyo nayo naihesabu kuwa ilitoka mkono uleule.

Sasa niseme lililonisukuma zaidi. Sala ile inasema riziki *yetu*. Tajiri mwenye jengo na mimi tunaisali kwa maneno mamoja, na mara nyingine Mungu huweka riziki yangu mfukoni mwake. Torati inalijua hilo. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumainia. Mwenzangu kazini, Mwislamu, aliniambia kwamba nao wamefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Tulikuwa tumekaa juu ya mifuko mitupu ya saruji tukimngoja mtu aliyetuambia "njooni kesho". Kibarua akiambiwa hivyo, anaenda nyumbani kuwaeleza nini waliomtazamia?

Kumtegemea Mungu siku kwa siku naweza, kwa neema yake. Ninachowaomba wanaotuajiri ni wasiifanye imani yetu kuwa sababu ya kutucheleweshea haki. Wenye majengo na wanyapara mnaosoma gazeti hili, fedha ya vibarua itengeni asubuhi, kabla koleo la kwanza halijaingia kwenye mchanga, ili jioni isianze kutafutwa. Na kama yupo mnayemdai subira tangu juzi, mlipeni leo.

Msomaji wenu,
Saidia fundi