Barua kwa mwanangu: chomoa plagi kwanza

Mwanangu,

Baada ya salaam, huku sote wazima, bibi yako tu ndio mguu unamsumbua asubuhi. Ningepiga simu lakini nikipiga unasema sawa baba, sawa baba, halafu unakata, kwa hiyo bora niandike usome ukiwa umekaa chini.

Ile video yako ya kuunganisha kalamu kwa drili nimeiangalia mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi, mama yako akaacha kuni akaja kuangalia na yeye akapiga kigelegele palepale, manake inaonekana kabisa ile ncha inavyozama kwenye mpingo taratibu mpaka inakaa, hakuna ufa, hakuna kupinda. Nikasema huyu ni mwanangu. Mara ya pili ndio nikaona waya. Uko kwenye kona kule chini, nikaufuata kwa macho mpaka ukutani, nikakuta plagi imechomekwa na kile kitaa chekundu cha soketi kinawaka. Na mkono wako uko chini ya mdomo wa drili, umeishika kalamu.

Najua utaniambia baba swichi ya mashine nilizima. Swichi siyo plagi. Swichi inaguswa na kiwiko, inaguswa na mtoto wa jirani anayeingia kuomba chumvi, inaguswa na kipande cha mbao kilichodondoka. Plagi ikiwa juu ya meza unaiona kwa macho yako hakuna wa kukugusia. Habari ya kidole changu unaijua, sirudii.

Na usije ukasema mimi ndiye niliyekwambia utumie drili. Nilisema, ndiyo. Mwezi wa nne uliponiomba hela ya ile presi ya kuunganishia kalamu nikakujibu kwamba hela hiyo bora ununulie vibomba vya shaba vya kugundisha ndani ya mbao, na refili, kwa sababu drili ya benchi unayo na inasukuma wima kuliko mkono wa mtu yeyote. Nikakwambia toa biti, bana bolti kichwa kikiangalia chini, kichwa ukivalishe ngozi, chini mezani weka kibao cha mninga kilichonyooka, ushushe ule mkono wa mashine polepole. Hayo yote nilisema na umeyafuata vizuri sana. La plagi sikulisema, siku hiyo nilikuwa naongea na wewe huku nahesabu hela ya mtu. Sasa nalisema.

Kwenye mzigo huu nimeweka vaisi yangu ndogo, ile ya kijani. Usiseme baba unajinyima, mimi ninayo ile kubwa na siku hizi kazi nyingi ni milango. Vaisi haina waya, ndio maana nimeileta. Nimeitengenezea mashavu mawili ya mbao nikayabandika ngozi, shavu moja lina kitundu katikati, hapo ndipo ncha ya kalamu inaingia ili isibonyee wakati unasukuma ile mashine ya kuzungusha, kile kidude cha ndani kinachotoa na kurudisha ncha, upande wa pili. Usibane kalamu juu kabisa mdomoni mwa vaisi. Ishushe iwe karibu na skrubu, manake kule juu mdomo unapanuka ukikaza na kalamu inaingia upande, na ikiingia upande tu mpingo unapasuka, tena unapasuka mwishoni kabisa kazi ikiwa imeshang'arishwa. Weka guni, kile kipimo cha pembe mraba, kila mara uone mashavu yako sambamba. Kaza robo, angalia, kaza robo, angalia.

Halafu kuna kile kipande cha mbao nilichokifunga kwa uzi mwekundu. Usikitupe ukadhani ni takataka! Hicho ni cha kukomea. Unakilaza kwenye vaisi pembeni ya kalamu, mdomo ukifika pale haufungi tena, kwa hiyo ile mashine ya kuzungusha haiwezi kuzama kupita kiasi. Nimekikata kwa kipimo cha ile kalamu uliyoniletea Idi iliyopita, nikapunguza makosa yake. Manake nikwambie ukweli, ile kalamu naipenda, naenda nayo msikitini, ndiyo ninayoandikia daftari la michango na watu wanaiulizia, ila ncha yake hairudi ndani. Ukizungusha inarudi kidogo halafu inabaki imechungulia. Kanzu yangu nyeupe ina doa mfukoni, mama yako kalisugua kwa limau limegoma. Ni kwa sababu ulisukuma mpaka mwisho kwa mara moja. Sukuma mpaka ule mfereji mdogo kwenye shaba, simama, tia refili, zungusha, angalia ncha imetoka kiasi gani. Haijatosha, toa refili, sukuma tena kidogo sana. Kuongeza unaweza, kurudisha ni shughuli, utaivuta na koleo lililofungwa ngozi na nusu ya siku imekwisha.

Lakini kipande cha kukomea kinafaa tu kama vibomba vyako vyote vina urefu mmoja. Wewe ukisawazisha miisho kwenye msasa unapitiliza, unakula mpaka shaba. Mbao ikifika usawa wa shaba na shaba ikaanza kung'aa tu basi, acha. Ukila shaba milimita moja kalamu yote inabadilika na kipande changu hakina kazi tena.

Umeniuliza kwa nini zile tatu zilipasuka na mbao ilikuwa kavu. Gundi. Ilikuingilia ndani ya kibomba ikakauka, wewe ukasukuma ncha juu yake, ncha ikatanua shaba, shaba ikatanua mbao, na mpingo haujui kutanuka. Kabla ya kuchomeka kibomba kwenye tundu kibonyeze kwenye kipande cha kiazi mbichi, kiazi kinabaki mdomoni kama kizibo na gundi haiingii. Ikishakauka unakitoa kwa kijiti. Hata hivyo pitisha tupa ndogo ya duara ndani kila kibomba, uone shaba safi. Na nje ukwaruze na msasa gundi ipate kushika, ile shaba inayoteleza kama kijiko gundi inaiachia. Mpingo una mafuta yake, futa tundu na asetoni kwanza uache ikauke.

Kutoboa pia. Biti ya milimita 7 unaishindilia mpaka mwisho, nimesikia mlio wake kwenye video. Mpingo ni mti unaozama kwenye maji, mwanangu, siyo mkaratusi. Ingiza kidogo, toa, acha unga utoke, ingiza tena, ukiona moshi umeshachelewa, ule moto unapasua mbao kwa ndani na ufa utauona wiki ijayo mkononi kwa mteja. Kipande kiache kirefu kuliko kibomba, kikipasukia kule biti inakotokea unakata tu. Na usikishike kwa mkono. Klampu mbili za seremala na vibao viwili vilivyochongwa mfereji wa V zinatosha, huhitaji kile kidude cha kwenye katalogi. Hapo kwenye kutoboa plagi itakuwa ukutani sawa, hakuna njia nyingine. Ila ukimaliza kutoboa tundu la mwisho, chomoa, ndipo ubadilishe biti uweke bolti. Usiniambie utachelewa. Najua una kalamu 60 za kumaliza kabla ya Sabasaba, na ndicho kinachonitia hofu, mtu mwenye haraka ndiye anayebadilisha biti huku anaongea na simu.

Kitu kingine, hiyo drili yako ya bei nafuu, ipime. Iwashe ikiwa tupu, hakuna biti, kaa mbali, izimie ukutani ikiwa inazunguka, subiri isimame, washa ukutani tena. Ikianza kuzunguka yenyewe hiyo ni hatari, umeme ukikatika ukarudi itakufanyia hivyohivyo. Kuna swichi zenye kitufe cha kijani na chekundu zenye sumaku ndani, umeme ukikata inajiachia, na ukirudi mashine inakaa kimya mpaka ubonyeze mwenyewe. Fundi umeme anakufungia. Mashine yangu haikuwa na swichi ya hivyo. Siku ile luku ilikuwa imeisha, karakana kimya, nikaona nitumie nafasi hiyo kukandamiza vile vipande vya milango kwa mdomo wa drili, na swichi sikuizima kwa sababu mashine ilishasimama yenyewe. Aliyeingiza zile namba za tokeni alikuwa ametumwa na mimi, alikuwa na miaka kumi na moja, aliingiza alivyoambiwa. Miaka yote watu wakiuliza nasema umeme ulirudi ghafla. Umeme haukurudi ghafla. Nilikuagiza uurudishe. Kama ulikuwa unalibeba hilo, liweke chini.

Barakoa unavaa? Kwenye video sikuiona. Unga wa mpingo unawasha, wengine unawatoa vipele na kuwabana kifua, na wewe kifua chako cha utotoni tunakijua. Kile kichumba dirisha ni moja. Paka gundi ukiwa mlangoni.

Kuhusu yule mteja anayetaka kuzipeleka Ujerumani, niliuliza kwa watu wanaosafirisha vinyago. Mpingo tangu 2017 uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na ndugu zake wote wa ukoo huo, ila 2019 walilegeza, bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja hazibanwi na masharti hayo. Kalamu zako zote 60 mbao yake haifiki hata nusu kilo. Hayo ni ya kule. Ya huku nenda ofisi ya TFS, wale wakala wa misitu, ukaulize mwenyewe na utunze risiti za yale makombo unayonunua Mwenge, hata kama ni vipande vya kutupa, uwe na karatasi inayoonyesha umetoa kwa nani. Mti wenyewe unakaa miaka zaidi ya sabini ardhini kabla haujafaa kukatwa, unapotoboa vibaya kumbuka hilo.

Huku tumeanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mwaka huu maua yamewahi upande wa bondeni, upande wa barabarani bado. Mdogo wako anasaidia akitoka shule, ila ada ya muhula nimelipa nusu, nikikwama nitakwambia, usitume kitu kabla sijakwambia, nunua swichi kwanza. Bati la jikoni nimelibadilisha. Ule mbuzi mweusi kazaa wawili, bibi kasema mmoja wako, ila kila mwaka anasema mmoja wako.

Mama yako alitaka nikwambie urudi nyumbani baada ya Sabasaba, anasema kalamu unaweza kutengenezea huku. Mimi sikutaka kuliandika. Nilipokukataza kwenda Dar ukiwa umemaliza tu chuo nilisema mtoto wa kike hawezi kuishi kwa kukereza vijiti, ulisikia, na mlango ulikuwa wazi. Juzi nilimwonyesha ile video mzee anayenunua milango kwangu, akauliza huyu fundi ni nani, nikamjibu.

Mzigo uko kwenye basi la usiku, umefungwa kwenye gunia la korosho, juu nimeandika jina lako kwa wino mweusi. Ni mzito, usiubebe kichwani, chukua bajaji. Ndani kuna korosho kilo mbili za kubangua, unga wa muhogo, na ile ndoo ya mama yako yenye mfuniko, anaitaka irudi, amesema mara mbili. Vaisi ifunge kwenye meza kwa bolti nne, bolti na washa nimeweka ndani ya soksi. Ukishaifunga, zile kalamu zote zilizobaki unganisha na vaisi, drili iache kwa kutoboa.

Ila najua siku moja utairudia drili kwa sababu ni rahisi. Siku hiyo nitumie picha. Siyo ya kalamu. Nitumie picha ya plagi ukiwa umeishika mkononi, ndipo uanze. Hata usiku wa manane itume, simu yangu siizimi.

Baba yako