Boti ya alumini iliyotumika: tutumie kwanza picha ya tezi

Karibu kila wiki picha huingia kwenye simu ya karakana. Boti iko juu ya trela chini ya mwembe, nyasi zimepita magurudumu, rangi imechubuka, na chini ya picha kuna swali moja: "Fundi, wanataka milioni tano, nichukue?" Jibu letu huwa lilelile. Tutumie picha ya tezi, yaani nyuma ya boti, kwa ndani, pale mashine inapofungwa, na nyingine ya chini ya sakafu. Bei tutaizungumza baadaye.

Hapa Mwanza kazi yetu kubwa ni boti za mbao na za faiba. Za alumini ni chache, na nyingi zinazotufikia zilikuwa za kambi za watalii, za miradi iliyokwisha muda wake, au zimeletwa kwenye kontena kutoka ng'ambo. Ni vyombo vizuri. Kwa ujazo uleule, alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, kwa hiyo mashine ndogo inatosha, mafuta yanapungua, na watu wachache wanaivuta boti hadi mchangani. Ndiyo maana hutamanisha hata zikiwa chakavu. Lakini mwaka jana vijana watano waliochanga fedha zao za dagaa walituletea boti waliyokwisha kuilipia. Ilikuwa imepakwa rangi mpya nje na ndani, na sakafu mpya ya plaiwudi imefungwa kwa ustadi. Tulipoifungua ile sakafu, bati la chini lilikuwa limetobokatoboka kwa urefu wote wa mkuku, ule uti wa chini wa boti. Rangi ndiyo iliyokuwa ikizuia maji. Kuwaambia vijana wale kwamba akiba yao imekwenda ni kazi ambayo sitaki kuirudia, na ndiyo sababu nimeandika makala hii.

Elewa kwanza jambo moja: alumini haimalizwi na maji, inamalizwa na kinachokaa nayo. Ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba, ngumu, isiyoonekana kwa macho, na ukiikwaruza ngozi hiyo hurudi yenyewe mara moja. Boti iliyokaa juani miaka ishirini bila rangi inaweza kuwa ya kijivu kama majivu na bado ikawa nzima. Hatari iko mahali ambapo hewa haifiki na unyevu haukauki: chini ya ubao uliolowa, nyuma ya foamu iliyonyonya maji, ndani ya tope lililoganda kando ya mataruma, zile mbavu za boti. Hapo ngozi hairudi. Utaona unga mweupe, na chini ya unga huo vishimo vidogo vinavyochimba hadi vitokee upande wa pili.

Jirani mbaya kuliko wote ni shaba. Shaba na alumini zikigusana zikiwa zimelowa hugeuka betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Kwenye boti za dagaa hili hutokea sana: kuna betri, kuna taa, waya zimeunganishwa kwa mkono, vipande vimeangukia ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na hakuna aliyeviokota. Risasi za nyavu zinazosahaulika humo hufanya vivyo hivyo. Bolti za stenilesi nazo hula, taratibu zaidi, hasa zilipofungwa bila washa ya plastiki wala gundi ya kuzitenga na bati. Kisha kuna kosa linalofanywa na mafundi wenye nia njema kabisa. Ubao wa tezi ukioza, wanaweka mbao zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani tunazonunua kwa ajili ya paa, wakiamini kwamba hazitaoza tena. Ni kweli hazitaoza haraka. Lakini dawa hiyo mara nyingi ina shaba ndani yake, na ikilowa inaitafuna alumini iliyoikumbatia. Ukiona ukijani kwenye ubao wa tezi, simama hapo hapo uangalie bati linalouzunguka.

Kwa hiyo muulize muuzaji boti ilifanya kazi wapi. Maji ya ziwa hupitisha umeme kidogo kuliko ya bahari, na boti iliyoishi ziwani au mtoni huwa imeliwa kidogo kuliko iliyoishi Kigamboni au Tanga. Iliyotoka baharini tunaikagua kwa jicho kali zaidi, hasa kama chini ilipakwa rangi ya kuzuia viumbe vya baharini, kwa sababu nyingi ya rangi hizo zina shaba.

Sasa tezi. Boti nyingi ndogo za alumini zina ubao mnene wa plaiwudi uliofichwa nyuma, kati ya bati mbili, na ubao huo ndio unaobeba mashine na msukumo wake wote. Mashine ikiwa imefungwa, shika mguu wake uuvute na kuusukuma huku mwenzako akitazama sehemu ya juu ya tezi. Ikicheza, ubao umekwisha. Gonga kwa mpini wa nyundo kutoka kushoto hadi kulia; ubao mzima hutoa sauti kavu, uliooza hutoa sauti nzito isiyorudi. Bado una shaka? Omba kufungua bolti moja na uingize bisibisi nyembamba ndani ya tundu. Ikitoka na uji wa kahawia, umepata jibu. Ubao uliooza peke yake hautufanyi tukukataze kununua. Tunaubadilisha kwa plaiwudi ya marini iliyolishwa epoksi pande zote na ndani ya kila tundu la bolti, na kazi inaeleweka gharama yake. Tunachoogopa ni bati lililoubeba ubao huo. Likiwa limejaa vishimo, tezi nzima inapaswa kutengenezwa upya, na hapo hesabu hubadilika.

Chini ya sakafu huwa kuna foamu, ile inayoifanya boti ielee hata ikijaa maji. Ikizeeka hunyonya maji na kuyashikilia, na boti inabeba mzigo ambao mwenyewe haujui. Kata kipande kidogo mahali pa chini kabisa karibu na tezi, ukikamue. Yakitoka maji, foamu yote ya sehemu ile itoke. Naomba hapa mtuelewe wateja wetu. Wapo wanaotuambia tuitoe ya zamani tusirudishe nyingine ili kuokoa fedha. Hatufanyi hivyo. Anayelijua Ziwa Victoria anajua dhoruba ya usiku inavyokuja, na boti ya alumini isiyo na foamu ikijaa maji inazama na mashine yake.

Ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati, zina njia yake ya kupimwa, nayo ni rahisi: jaza maji ndani ya boti badala ya kusubiri ivuje ziwani. Lakini usijaze ovyo. Boti ya mita 4 na nusu yenye upana wa mita 1 na nusu, ukiweka maji ya kina cha sentimita 10 tu, inabeba karibu kilo 600, na trela bovu au jiwe moja chini ya bati linaweza kuipinda. Ilaze juu ya tairi na mifuko ya mchanga kwa urefu wote, mimina kidogo kidogo, halafu pita chini na chaki ukiweka alama kila panapotoka tone. Ribiti kumi au ishirini zinazovuja si msiba. Tunazigonga upya watu wawili, mmoja ndani mmoja nje, na zilizochoka tunaweka mpya. Ila zikivuja zote za mstari mmoja, au ukiona ufa unaotoka ribiti moja kwenda nyingine, taruma lililo hapo limechoka na bati linapindapinda kila wimbi linapopiga.

Kubonyea kusikuogopeshe. Bati lililobonyea bila ufa linaweza kubaki hivyo miaka mingi.

Kuchomelea ndiko kunakowapoteza wengi, kwa sababu kila mtaa una fundi wa kuchomelea mageti. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za selisiasi, ila ile ngozi yake huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi asiyeisafisha ngozi kwanza ataona bati halishiki, ataongeza moto, na ghafla bati lote litadondoka. Inahitajika gesi ya argoni, burashi ya stenilesi ambayo haijawahi kugusa chuma, na waya wa aina inayolingana na bati la boti. Bati hilo, mara nyingi aina ya 5052 au 5083, limechanganywa na magineziamu ili listahimili maji. Kiraka kilichokatwa kwenye fremu ya dirisha si mwenzake. Kwenye boti ya ribiti, bati huwa na unene wa karibu milimita 1.6 hadi 2.5 tu, kwa hiyo hata fundi mzuri hupendelea kuweka kiraka kwa ribiti na gundi ya marini. Ukikuta mabonge ya kuchomelea meusi yenye matundu kama mkate, hesabu kila bonge kuwa ni kazi ya kukata na kuanza upya.

Mashine ikiuzwa pamoja na boti, itenge katika hesabu. Pimeni mgandamizo wa kila silinda. Zisitofautiane zaidi ya asilimia 10 hivi. Pima kimo cha tezi pia: mashine ya mguu mfupi hudai karibu sentimita 38, ya mguu mrefu karibu 51, na zisipolingana mashine nzuri itakuwa mzigo. Nambari ya mashine iwe wazi, haijasagwa. Mashine huporwa ziwani na kuuzwa mwalo mwingine, na nyuma ya nyingi kati yake kuna mvuvi aliyeumizwa. Mauziano yaandikwe mbele ya serikali ya mtaa au wakili, na uulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, chombo chako kitahitaji nini kabla ya kupata cheti.

Baada ya hayo ndipo bei. Chukua karatasi uandike bei ya boti mpya ya faiba ya ukubwa uleule kutoka karakana yoyote ya hapa. Toa gharama ya tezi, foamu, sakafu, ribiti na trela. Kisha toa theluthi nyingine ya gharama hizo, maana sijawahi kufungua boti ya alumini nisikute kitu cha ziada. Kinachobaki ndicho cha kumpa muuzaji. Mara nyingine ni milioni mbili, mara nyingine hakibaki kitu, na tunakwambia hivyo hata kama kazi hiyo ingekuwa yetu.

Tunakuja kukagua popote kanda ya ziwa. Kabla hatujafunga safari, mwombe muuzaji ruhusa ya kufungua skrubu za sakafu na bolti moja ya tezi. Akikataa vyote viwili, tupigie simu mapema ili tusitoke Mwanza.