Anayeacha sigara akandwe, na ashauriwe pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wavuta sigara wa Tanga wanaotaka kuacha na hawajui waanzie wapi.

Kazi yangu ni kukanda na kuchua misuli, hapa Makorora. Wengi wanaokuja ni wapagazi na wavuvi waliokaza migongo, lakini wamo pia walioacha sigara juzi tu. Hao nawajua kabla hawajasema. Shingo ngumu, usingizi hawana, hasira ziko karibu, na mkono kila mara unapapasa mfuko wa shati usio na kitu. Nikiwakanda mabega taratibu, kisha viganja na nyayo, mwili hulegea, na wengine husinzia hapo hapo mkekani. Si faida ndogo hiyo, maana wiki ya kwanza ndiyo yenye arosto kali, yaani mateso ya kukosa sigara, na mabaki yake huweza kufika wiki 3 au 4.

Lakini mikono yangu peke yake haimwachishi mtu sigara, na huniudhi sana nikisikia mkandaji mwenzangu anaahidi hivyo. Akitoka hapa mtu anapita barazani Ngamiani, kahawa inamiminwa, sigara zinauzwa moja moja. Hapo ndipo anapohitaji mshauri wa kupanga naye: kahawa akainywee wapi, usiku akiwa baharini afanye nini, mkewe amsaidieje, na akiteleza siku moja arudi bila kuona haya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Julai 2024, limehimiza ushauri pamoja na dawa, vikiwemo vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, na likasema ushahidi wa tiba za asili na mbadala bado hautoshi. Sina ubishi nalo.

Watumiaji wa heroini hupewa methadoni, dawa ya kuwatuliza arosto, na ushauri mahali pamoja. Mvuta sigara huambiwa "acha", basi.

Naiomba Hospitali ya Bombo na vituo vya afya vya mjini vitenge walau siku moja kwa wiki, mshauri na mtaalamu wa fiziotherapia wakae vyumba jirani. Mtu atoke kukandwa aende moja kwa moja kwa mshauri, mwili ukiwa umetulia na masikio yako wazi. Nasi wakandaji wa mitaani tufundishwe namna ya kumuuliza mteja na mahali pa kumpeleka. Mwongozo ule unawataka watoa huduma za afya watoe ushauri mfupi, wa sekunde 30 hadi dakika 3, kila wakutanapo na mvutaji. Sisi tunakaa naye karibu saa nzima.

Mkandaji,
Makorora, Tanga